Hesabu za Katikati ya Safari: Namna ya Kusoma Taarifa za Fedha za Robo Mwaka na Nusu Mwaka



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huelekezwa zaidi kwa mwenye duka, lakini inamhusu vilevile mtu ambaye mali yake imo katika daftari la mwingine: mwenye akiba benki, mwenye hisa katika kampuni na mwanachama wa ushirika. Mtu wa namna hiyo haandiki daftari, bali husoma lile lililoandikwa na wengine. Asipojua kulisoma, atategemea maneno ya anayemsomea.

Somo hili linaeleza namna ya kusoma taarifa za fedha zinazotolewa kabla mwaka wa hesabu haujaisha. Halikusudii kumfanya msomaji awe mhasibu. Linakusudia kumwezesha kuuliza maswali yanayostahili kabla fedha hazijatoka mfukoni mwake.

1. Tukio la kuanzia

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima mmoja wa pamba wa wilayani Igunga ameuza mavuno yake. Mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, amebakiwa na shilingi 3,000,000. Fedha hizo ndizo zitakazonunua pembejeo za msimu mpya na kulipa ada za shule mwezi Januari. Mpwa wake anafika akiwa na simu mkononi.

"Shikamoo, mjomba. Kampuni ya kuchambua pamba inauza hisa. Imepata faida ya shilingi milioni 650 kwa miezi mitatu tu! Zidisha kwa nne, mwaka mzima ni milioni 2,600. Tukichelewa, wenzetu watatutangulia."

"Marahaba, mwanangu," anajibu mjomba. "Hiyo milioni 650 umeiona wapi?"

"Imetangazwa, mjomba. Ni taarifa yao wenyewe, si uvumi."

Kijana hasemi uongo. Tarakimu hiyo ipo katika taarifa ya kampuni, na imeandikwa kwa kufuata viwango vya kimataifa vya uhasibu. Hata hivyo, hitimisho alilolitoa si sahihi, na linaweza kumgharimu mjomba wake ada za watoto. Tutaifuata taarifa hiyo hatua kwa hatua hadi tuone kosa liko wapi.

2. Taarifa za kati ya mwaka ni nini

Mwaka wa hesabu ni kipindi cha miezi 12 ambacho taasisi hukitumia kupima mapato, matumizi na hali yake ya fedha. Si lazima uanze Januari. Mabenki yetu hufunga hesabu tarehe 31 Desemba, Serikali hufunga tarehe 30 Juni, na Vodacom Tanzania hufunga tarehe 31 Machi. Taarifa yoyote ya fedha inayohusu kipindi kifupi kuliko mwaka huo huitwa taarifa ya kati ya mwaka. Zilizo za kawaida ni za miezi mitatu, yaani robo mwaka, na za miezi sita, yaani nusu mwaka.

Haja ya taarifa hizi ni ya kale, na mkoa wetu wa Tabora unaielewa kuliko mingi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa misafara walichukua vitambaa, shanga na nyaya za shaba kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Zanzibar, wakazipeleka bara kubadilishana na pembe za ndovu. Safari ilikuwa ndefu. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kaze, palipo Tabora ya leo. Na wengi waliendelea mbele hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hesabu kamili ilifungwa msafara uliporudi pwani, pengine baada ya miaka. Kabla ya hapo, mwenye mali alitegemea barua na habari zilizoletwa na misafara iliyokuwa ikirudi. Habari hizo hazikuwa hesabu ya mwisho, lakini zilimsaidia kuamua iwapo aongeze mkopo au asubiri.

Taarifa ya robo mwaka ni barua ya namna hiyo. Inatoka katikati ya safari. Ina thamani kubwa kwa sababu inakuja mapema, na ina mipaka kwa sababu safari bado haijaisha. Dereva wa lori anayeteremka mlima Sekenke hasubiri afike Igunga ndipo akague breki. Wala haoni breki nzima akadai kwamba amekwisha kufika.

3. Kanuni zinatoka wapi, na nani anawajibika

Kanuni za kuandaa taarifa hizi zimo katika Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 34. Kilitolewa Februari 1998, kikaanza kutumika kwa vipindi vilivyoanza tarehe 1 Januari 1999. Nchini Tanzania, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliridhia matumizi ya viwango vya kimataifa kuanzia tarehe 1 Julai 2004.

Jambo moja huwachanganya wengi. Kiwango namba 34 hakisemi ni nani lazima atoe taarifa za kati ya mwaka, wala mara ngapi. Kinaeleza zinavyopaswa kuwa pindi taasisi inapozitoa na kutamka kwamba zimefuata viwango vya kimataifa. Wajibu wa kuzitoa unawekwa na sheria za nchi na wasimamizi. Kiwango chenyewe huishia kuzihimiza kampuni ambazo hisa zake zinauzwa kwa umma zitoe angalau taarifa ya nusu mwaka, tena ndani ya siku 60 baada ya kipindi kuisha.

Kwa hapa kwetu, makundi yafuatayo yanamhusu mwananchi wa kawaida:

Mabenki. Hutangaza hali yao ya fedha kila robo mwaka magazetini, chini ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006, kwa usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania.

Kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998. Hizi zinasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana pamoja na kanuni za soko lenyewe.

Vyama vya ushirika, yaani AMCOS na SACCOS. Hivi haviko katika soko la hisa, lakini mwanachama ni mmiliki. Anayo haki ya kuuliza hesabu katika mkutano mkuu, na mengi ya maswali ya somo hili yatamfaa huko.

4. Mambo matano ya kuyatafuta

Taarifa ya kati ya mwaka inaruhusiwa kuwa fupi kuliko ya mwaka, lakini haiwezi kuwa fupi kiholela. Kiwango kinataka isipungue sehemu tano:

(a) Mizania, inayoonyesha rasilimali, madeni na mtaji katika siku ya mwisho ya kipindi.

(b) Taarifa ya faida au hasara, pamoja na mapato mengine yasiyopitia humo.

(c) Taarifa ya mabadiliko ya mtaji wa wamiliki, ambamo gawio lililolipwa huonekana.

(d) Taarifa ya mtiririko wa fedha taslimu.

(e) Maelezo yaliyochaguliwa, yanayofafanua matukio makubwa yaliyotokea tangu mwaka uliopita ulipofungwa.

Sehemu ya (e) ndiyo huachwa bila kusomwa, nayo ndiyo yenye mengi ya kumwokoa msomaji. Humo hutajwa iwapo biashara ni ya msimu, mapato au gharama zisizo za kawaida, mikopo iliyochukuliwa au kulipwa, gawio, kesi na madai, pamoja na matukio makubwa yaliyotokea baada ya kipindi kuisha.

Kabla ya kusoma tarakimu, angalia kichwa cha jedwali. Je, ni shilingi kamili, maelfu, au mamilioni? Tarakimu 650 katika jedwali la mamilioni ni shilingi 650,000,000. Tarakimu iliyo ndani ya mabano ni ya kupunguza: (190) katika mstari wa faida maana yake ni hasara ya 190.

5. Safu za tarakimu: linganisha kipi na kipi

Tarakimu moja peke yake haisemi jambo. Kwa sababu hiyo kiwango kinalazimisha ulinganisho, na kila taarifa ina ulinganisho wake.

Mizania ya siku ya mwisho ya kipindi hulinganishwa na mizania ya mwisho wa mwaka uliopita.

Faida au hasara huonyeshwa mara mbili: ya kipindi chenyewe, mathalani robo ya tatu, na ya jumla tangu mwaka ulipoanza. Kila moja huwekwa kando ya kipindi kama hicho cha mwaka jana. Kwa hiyo utakuta safu nne.

Mabadiliko ya mtaji na mtiririko wa fedha huonyeshwa kwa jumla tangu mwaka ulipoanza, kando ya kipindi kama hicho cha mwaka jana.

Robo ya tatu hulinganishwa na robo ya tatu kwa sababu kila biashara ina majira yake. Mkulima hapimi mavuno ya Julai kwa kuyalinganisha na Februari, wakati pamba ingali shambani. Huyapima kwa Julai ya mwaka jana.

6. Kanuni ya msimu

Sasa turudi kwa mjomba na mpwa wake. Hizi ndizo tarakimu za kampuni yetu ya mfano. Mwaka wake wa hesabu unaanza Januari na kuisha Desemba. Kiasi ni kwa milioni za shilingi, kabla ya kodi.

| Kipindi | Mwaka huu | Mwaka jana |
|---|---|---|
| Robo ya 1 (Januari–Machi) | (190) | (160) |
| Robo ya 2 (Aprili–Juni) | 120 | 70 |
| Robo ya 3 (Julai–Septemba) | 650 | 780 |
| Jumla ya miezi tisa | 580 | 690 |
| Robo ya 4 (Oktoba–Desemba) | bado | 10 |
| Mwaka mzima | bado | 700 |

Pamba ya ukanda wetu hupandwa mvua zinapoanza, na ununuzi hufunguliwa kuanzia Mei. Kampuni ya kuchambua pamba haina mengi ya kuuza Februari, lakini mishahara, ulinzi wa maghala na riba ya mkopo haviendi likizo. Hivyo robo ya kwanza ni ya hasara, na robo ya tatu ndiyo inayobeba mwaka mzima.

Je, wahasibu wasingeweza kugawa mapato ya mwaka katika mafungu manne yaliyo sawa ili tarakimu zisiruke? Kiwango namba 34 kinakataza. Mapato ya msimu huandikwa yanapopatikana. Hayavutwi mbele kabla ya wakati wake, wala hayasogezwi nyuma, iwapo kufanya hivyo kusingekubalika mwisho wa mwaka. Kila kipindi kinaonyesha yaliyotokea ndani yake, jua na mvua.

Kutokana na kanuni hiyo tunapata onyo la kwanza: usizidishe kwa nne. Milioni 650 mara nne ni milioni 2,600, lakini mwaka hauna misimu minne ya pamba. Mwaka jana robo ya tatu ilileta 780, na mwaka mzima ukaishia 700.

Onyo la pili ni kinyume chake: usiogope hasara ya robo moja kabla hujatazama mwaka jana. Mwenye hisa aliyeona hasara ya 190 mwezi Aprili akauza hisa zake kwa bei ya kutupa, aliuza kwa hofu ya jambo ambalo hutokea kila mwaka. Swali lililostahili lilikuwa: kwa nini hasara imekua kutoka 160 hadi 190?

Kipo kipimo kimoja chepesi kinachofaa kwa biashara ya msimu. Chukua miezi 12 iliyoisha sasa, bila kujali mwaka wa hesabu unaanza lini. Kwa kampuni yetu ni miezi tisa ya mwaka huu, 580, pamoja na robo ya nne ya mwaka jana, 10. Jumla ni 590. Kiwango chenyewe kinazihimiza biashara zenye msimu mkali zitoe taarifa ya miezi 12 ya namna hiyo. Isipotolewa, unaweza kuipata kwa kujumlisha mwenyewe, mradi unayo taarifa ya mwaka jana.

Kwa hatua hiyo moja, milioni 2,600 za mpwa zimeshuka hadi 590. Na tazama safu ya pili: faida ya robo ya tatu imepungua kutoka 780 hadi 650. Tarakimu iliyotangazwa kama habari njema ni upungufu wa milioni 130.

7. Soma maelezo: fedha zisizojirudia

Tuseme sasa kwamba katika maelezo ya taarifa hiyo imeandikwa kuwa mwezi Agosti kampuni iliuza ghala la zamani na kupata faida ya milioni 150, na kwamba mwaka jana hakukuwa na mauzo ya namna hiyo. Ghala huuzwa mara moja. Mwakani halitauzwa tena.

Toa 150 katika 650. Kazi ya kuchambua na kuuza pamba imeleta 500, si 650. Mwaka jana kazi hiyohiyo ilileta 780. Upungufu halisi ni 280, karibu 36 kwa kila 100. Na ile faida ya miezi 12 ya 590, ukiondoa ghala, inabaki 440.

Kampuni haikuficha jambo. Iliandika yote kama inavyotakiwa. Aliyesambaza ujumbe wa simu ndiye aliyechagua mstari mmoja akaacha mingine.

8. Gharama, kodi na makadirio

Gharama hufuata kanuni ileile ya mapato. Haziandikwi kabla hazijatokea kwa sababu tu zimepangwa. Ikiwa kampuni inapanga kufanyia mashine matengenezo makubwa ya milioni 80 mwezi Novemba, gharama hiyo haimo katika hesabu za miezi tisa, isipokuwa kama kampuni imekwisha kufungwa na wajibu wa kuilipa. Vivyo hivyo kwa bonasi ya wafanyakazi ya mwisho wa mwaka: huandikwa mapema pale tu ambapo kampuni imefungwa na mkataba, au na desturi isiyoweza kuikwepa, na kiasi kinaweza kukadiriwa vyema. Kwa hiyo uliza: ni gharama gani kubwa zinakuja kabla ya mwaka kuisha?

Kodi ya mapato ina utaratibu wa pekee, kwa kuwa hutozwa kwa faida ya mwaka mzima. Kampuni hukadiria faida na kodi ya mwaka, hupata wastani wa kiwango cha kodi, kisha hukitumia katika kila kipindi. Iwapo kampuni yetu inatarajia faida ya 600 kwa mwaka na kodi ya 180, wastani ni asilimia 30. Hasara ya 190 ya robo ya kwanza itaonyeshwa pamoja na nafuu ya kodi ya 57, hivyo hasara baada ya kodi itakuwa 133. Mtu akikuta nafuu ya kodi katika robo ya hasara asidhani kwamba Serikali imeirudishia kampuni fedha taslimu. Ni makadirio ya mwaka yaliyogawiwa katika vipindi vyake.

Makadirio huwa mengi zaidi katika taarifa za kati ya mwaka kuliko katika za mwaka. Akiba ya ghalani, kwa mfano, inaweza isihesabiwe furushi kwa furushi kila robo. Hilo linaruhusiwa, mradi kanuni za uhasibu zilizotumika ni zilezile za taarifa ya mwaka. Zikibadilishwa, maelezo lazima yaseme.

Kumbuka pia kwamba kiwango hakilazimishi taarifa ya kati ya mwaka ikaguliwe na mkaguzi wa nje. Nyingi huandikwa wazi kwamba hazijakaguliwa. Neno hilo si dalili ya udanganyifu, ila ni sababu ya kusubiri hesabu zilizokaguliwa kabla ya kuweka kiasi kikubwa cha fedha.

9. Faida si fedha mkononi

Mei na Juni kampuni ya pamba hununua kwa wingi. Fedha zinatoka, mkopo wa benki unapanda, maghala yanajaa. Mizania ya tarehe 30 Juni itaonyesha deni kubwa na akiba kubwa ya bidhaa. Ikilinganishwa na tarehe 31 Desemba, maghala yakiwa matupu na mkopo umelipwa, msomaji anaweza kushtuka. Hapa ulinganisho wa mizania unaotakiwa na kiwango hautoshi kwa biashara ya msimu. Tafuta pia mizania ya Juni ya mwaka jana. Ikiwa akiba ya bidhaa ni ileile lakini deni limeongezeka sana, hapo pana swali.

Kisha soma mtiririko wa fedha. Kampuni inaweza kuonyesha faida ilhali wateja wake hawajalipa. Faida hiyo haiwezi kulipa gawio wala mshahara mpaka fedha ziingie.

10. Tangazo la robo mwaka la benki

Si kila msomaji ana hisa, lakini wengi wana akiba benki. Tangazo la benki lina mpangilio wake. Mizania huonyesha robo hii kando ya robo iliyotangulia. Mapato huonyeshwa kwa safu nne tulizozieleza. Mwishoni vipo viashiria, na chini kabisa ni majina ya watendaji na wajumbe wa bodi wanaothibitisha taarifa hiyo.

Mwenye akiba aanze na mambo matatu. Kwanza, mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kama ilivyokubaliwa, kama sehemu ya mikopo yote. Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5. Pili, mtaji wa wanahisa ukilinganishwa na rasilimali zote: je, unapungua robo hadi robo? Tatu, amana: je, wateja wanaleta fedha au wanazitoa? Robo moja haitoshi. Weka matangazo manne ya mfululizo mezani uone mwelekeo.

Jambo hili si la nadharia. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Wakati huo kinga ya Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000 kwa mteja. Mwaka 2023 kikomo hicho kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000. Aliyeweka zaidi ya kikomo husubiri ufilisi, na hana hakika atapata kiasi gani. Upungufu wa mtaji mara nyingi hujengeka polepole, na tangazo la robo mwaka ndilo mahali pa kuuona ungali mdogo.

11. Hatua za kufuata kabla ya kutoa fedha

1. Omba taarifa yenyewe, si ujumbe wa simu unaoieleza.
2. Soma kichwa: ni kipindi gani, na tarakimu ni za maelfu au mamilioni?
3. Linganisha robo na robo kama hiyo ya mwaka jana. Kisha linganisha jumla tangu mwaka ulipoanza.
4. Kwa biashara ya msimu, jumlisha miezi 12 iliyoisha. Usizidishe kwa nne.
5. Soma maelezo. Ondoa mapato yasiyojirudia.
6. Tazama mtiririko wa fedha na madeni.
7. Angalia kama taarifa imekaguliwa.
8. Ikiwa unauziwa hisa, thibitisha kwamba waraka wa matarajio umeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na kwamba anayekuuzia ana leseni yake. Ikiwa ni SACCOS, ulizia leseni kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika.
9. Malalamiko kuhusu benki yaanze kwa maandishi katika benki yenyewe. Usiporidhika, yapeleke Benki Kuu. Tunza nakala na tarehe.

12. Maswali ya kujipima

Swali la 1. Hoteli ya ufukweni imetangaza hasara katika robo ya Aprili hadi Juni. Jirani yako anasema inafilisika. Utamjibu nini?

Swali la 2. Kampuni imetangaza faida ya nusu mwaka ya milioni 300. Mwaka jana kipindi hicho ilikuwa 200. Maelezo yanasema milioni 140 zimetokana na kuuza kiwanja. Je, biashara imekua?

Swali la 3. Katibu wa chama chenu anasema hesabu za nusu mwaka hazihitajiki kwa sababu zile za mwaka zitakuja. Utauliza nini?

Majibu. La 1: Miezi hiyo ni ya masika pwani na wageni hupungua. Tazama robo kama hiyo ya mwaka jana kabla ya kuhukumu. La 2: Hapana. Ukiondoa kiwanja inabaki 160, pungufu ya 200 za mwaka jana. La 3: Uliza mapato na matumizi hadi sasa ni kiasi gani yakilinganishwa na bajeti na mwaka jana, fedha zilizopo benki ni ngapi, na mikopo mingapi ya wanachama imechelewa. Chama kinachoweka daftari vizuri kina majibu hayo wakati wowote.

Hitimisho

Mjomba wa mfano wetu sasa anayo karatasi mbele yake. Faida iliyosemwa kuwa milioni 2,600 imekuwa 440, na biashara yenyewe imepungua tangu mwaka jana. Si lazima jibu lake liwe hapana. Huenda bei ya hisa ni ndogo kiasi cha kulingana na hali hiyo, au huenda msimu ujao utakuwa mzuri. Lakini ada za Januari na pembejeo za Novemba si fedha za kubahatisha. Anaweza kumwambia mpwa wake, "Mwanangu, hesabu yako umeichukua mstari mmoja. Keti hapa, tuisome yote." Na hata wakikosa hisa hizo, ada zitakuwapo Januari.